Maswali Yenu: Joto, Mahakama na Bahari

Mwaka 2024 ulivuka nyuzi 1.5 za joto juu ya kiwango cha kabla ya enzi ya viwanda. Mkataba wa Paris, uliolenga kuzuia dunia isivuke hapo, si umeshakufa?

Haujafa. Kiwango hicho hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, si mwaka mmoja. Lakini jibu hili lisimpe mtu usingizi: miaka 11 yenye joto kali kuliko yote tangu vipimo vianze ni ile ya 2015 hadi 2025, yote kwa mfululizo.

Marekani imejitoa kwenye Mkataba wa Paris. Nani atalipa?

Hata kabla haijajitoa, fedha hazikutosha. Kule Baku, Azerbaijan, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa mwaka 2024, zilikubaliwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ilhali nchi zinazoendelea zilidai trilioni 1.3. Tena fedha nyingi za tabianchi hutolewa kama mikopo. Huko ni kumkopesha boya mtu anayezama, na sioni haki yoyote ndani yake.

Maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu tabianchi hayalazimishi nchi yoyote. Yana faida gani basi?

Faida kubwa. Kampeni hii ilianzishwa mwaka 2019 na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini. Vanuatu, visiwa vinavyoliwa na bahari, ikaibeba hadi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Julai 2025 majaji wote 15 walikubaliana kwa kauli moja: kulinda mfumo wa tabianchi ni wajibu wa kisheria, na nchi kujitoa kwenye mkataba hakuufuti wajibu huo. Hata kutoa leseni za kutafuta mafuta au ruzuku za kuyachimba kunaweza kuwa kosa, na aliyeumizwa anaweza kudai fidia. Hakuna askari atakayetumwa, ni kweli. Ila wakili anayeishtaki serikali yake leo ana mahali pa kusimamia ambapo zamani hapakuwapo.

Mkataba wa plastiki umekwama wapi?

Kwenye sharti la kila nchi kuafiki. Plastiki hutokana na mafuta na gesi, na nchi zinazozalisha mafuta hayo zinataka tuzungumzie taka tu, kiasi kinachotengenezwa kisiguswe. Geneva, Agosti 2025, wajumbe walitawanyika mikono mitupu. Kura ingepigwa, naamini tungekuwa mbali.

Hakuna habari njema?

Ipo. Mkataba wa bahari kuu ulianza kutumika Januari 2026. Sasa hifadhi zinaweza kutengwa kwenye maji yasiyomilikiwa na nchi yoyote, na maafikiano yakishindikana, robo tatu ya kura zinatosha.