CRP ya 14 kwa mzee mwenye mishipa ya miguu iliyoziba

Pole dada, nimeona umeuliza kuhusu majibu ya damu ya mzee wako, kwamba CRP (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) imetoka miligramu 14 kwa lita. Kama mzee alikuwa na mafua au kidonda siku aliyotolewa damu, hiyo CRP ya 14 isikukoseshe usingizi. Ikizidi 10 hushukiwa maambukizi kwanza. Airudie baada ya wiki mbili tatu akiwa mzima. Ikibaki juu ya 3, hapo ndipo inahesabika kwenye hatari ya moyo.

Mimi jicho langu liko kwenye LDL yake, yaani kolesteroli mbaya, ya 2.8. Karatasi imeandika "kawaida", sawa, lakini ni kawaida ya mtu asiye na ugonjwa! Kwa mishipa kama yake miongozo ya Ulaya inataka chini ya milimoli 1.4 kwa lita. Kliniki ya Muhimbili akaulizie dozi ya statini (dawa ya kushusha kolesteroli), asiache kumeza.