Umealikwa Pemba mwisho wa wiki? Anza na safari ya kurudi

Juzi umeingia ujumbe wa mwanafunzi kutoka Burundi anayesoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Tunguu, Unguja. Mwenzake wa darasani amemwalika kwao Pemba, upande wa Konde: waende Ijumaa, warudi Jumapili, na Jumatatu asubuhi ana mtihani. Anauliza abebe nini. Suali zuri, lakini si la mwanzo. La mwanzo ni hili: unarudi na chombo gani, na siku gani? Kama jawabu ni "nitaangalia nikifika", safari hiyo isogeze mbele, mtihani ukishapita.

Wageni wengi huiona Pemba kwenye ramani wakadhani ni pua na mdomo na Unguja. Kuna boti ya kasi inayochukua saa chache, na kuna meli ya usiku inayokufikisha alfajiri. Vyote viwili haviondoki kila siku, na ratiba hubadilika kwa upepo, kwa matengenezo na kwa sikukuu. Kwa hiyo tiketi ya kurudi inakatwa siku ile ile ya kukata ya kwenda. Ikate kaunta, bandarini Malindi, si kwa papasi, yule dalali wa mitaani anayekukimbilia nje ya geti. Nenda na pasi yako na kibali cha ukaazi, uvioneshe kabla hujatajiwa bei, maana nauli ya mkaazi na ya mgeni si moja. Jina kwenye tiketi liwe kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi.

Uliza pia chombo kinafunga gati wapi. Mkoani iko kusini, Wete iko kaskazini, na Konde iko juu zaidi ya Wete. Ukishuka Mkoani ndiyo unakipanda kisiwa karibu chote: daladala namba 603 mpaka Chake Chake, kilomita 30 hivi, kisha 602 la kwenda Konde. Anayekwenda Wete hupanda 606. Gari hizi huzipati usiku kama mchana. Jua likishatua unabaki na bodaboda na bei anayoitaka yeye. Boti yako ikifika jioni, mwambie mwenyeji apange mtu wa kukupokea mapema. Asiambiwe kwa simu wakati umeshasimama kituoni na begi.

Bahari yenyewe usiidharau. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, hasa Juni mpaka Agosti, mkondo wa Nungwi hauna mzaha: ukitoka kwenye kivuli cha Unguja mawimbi yanakupiga kwa ubavu. Dawa ya kichefuchefu inywe kiasi cha saa moja kabla ya kuondoka. Ukiinywa umeshaanza kutapika, itatoka pamoja na chai. Kula kitu kikavu, mkate mtupu au biskuti, uache urojo na vya mafuta. Kaa chini, katikati kuelekea nyuma, ambako chombo kinarushwa kidogo, na simu uiweke mfukoni.

Na chombo kikiwa kimejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, shuka. Hapa sisemi kwa upole. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, karibu na Nungwi, ikielekea Pemba, na ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake. Ziko nyumba huku hazijaacha kuwataja waliokuwamo. Halafu kijana anakwambia "nimeshalipa, siwezi kupoteza nauli". Nauli hutafutwa tena. Mwenye akili timamu hahitaji kusubiri nahodha amwambie kuwa chombo kimeelemewa, macho anayo.

Tuje kwenye mizigo. Begi moja dogo, la kubeba mgongoni. Tochi, kandambili, kikoi au kanga ya kulalia, dawa zako, na fedha taslimu ulizotoa ukiwa mjini, kwa sababu mashine za benki ziko Chake na Wete, vijijini hakuna. Mwanamke avae deira au gauni refu na ushungi; mwanamme kaptula aiache chumbani. Zawadi isiwe bahasha ya pesa. Kilo mbili za sukari, majani ya chai, sabuni za kufulia, na doti ya kanga kwa mama wa nyumba, hapo umemaliza. Chokoleti ya kutoka uwanja wa ndege itayeyuka kabla hujafika Chake.

Mwenyeji anatakiwa amjulishe sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa eneo lake, kwamba nyumbani kwake kuna mgeni anayelala. Mkumbushe, na uwe na nakala ya pasi ya kumwachia. Ni jambo la dakika tano likifanywa siku ya kufika, likiachwa mpaka mtu aulize "huyu nani?", litakula nusu ya Jumamosi yako.

Ndani ya nyumba mambo mengi utayafuata kwa macho. Piga hodi ungoje uitikiwe. Wakubwa waamkie kabla ya kueleza shida yako. Kwenye sinia kula kwa mkono wa kulia, mbele yako tu, na kitoweo cha katikati ngoja mwenyeji akigawe. Maji ya kuoga ameyateka mtu kisimani, hivyo ndoo moja inatosha, tena ibaki kidogo. Ukienda Ramadhani, usile wala kunywa mbele za watu mchana, hata kama wewe hufungi.

Sasa karafuu, maana wengi ndizo wanazozifuata. Mavuno huanza kiasi cha Julai na huendelea kwa miezi. Mkarafuu usiupande. Matawi yake huvunjika ghafla bila kulia, na wachumaji waliozaliwa chini yake wanaanguka kila msimu, sembuse wewe. Kazi yako iko chini, usiku, kwenye kuchambua. Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakibana kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukisokota; karafuu zinadondoka upande huu, makonyo, yaani vijiti vyake, unayatupa upande ule. Usichanganye, kwa sababu makonyo nayo yanauzwa, hukamuliwa mafuta katika kiwanda kilichoko Wawi. Karafuu zilizochumwa leo zichambuliwe leo. Zikilala kwenye gunia zinapata moto, na ukija kuzianika zinatoka zimepauka, na daraja linashuka. Baada ya hapo ni juani, kwenye majamvi, siku tatu au nne za jua kali, na kila wingu linapojikusanya nyumba nzima inakimbia kuzianua. Kimbia nao. Ziko tayari zikiwa za hudhurungi na ukiivunja moja inakatika kwa mlio. Kilo tatu mbichi zinakupa kama kilo moja kavu, ndiyo maana hata zilizomwagika njiani huokotwa moja moja. Mgeni anayezikanyaga huku anapiga picha hasemwi, lakini anaonekana.

Ukibakiwa na asubuhi moja, kutoka Konde msitu wa Ngezi uko jirani, na barabara inaendelea mpaka Kigomasha. Lipa kiingilio getini uchukue muongozaji, ukimtaka akuoneshe popo wa Pemba, ambaye hapatikani pengine popote duniani. Pwani ya Vumawimbi iko upande wa pili wa msitu. Nenda na maji ya kunywa, na usiogelee peke yako.

Siku ya kuondoka fika bandarini mapema, maana safari ya gari kutoka Konde mpaka Mkoani, pamoja na kungoja lijae na kubadilisha Chake, inameza asubuhi nzima. Nunua halua ukipitia Wete. Karafuu je? Mwenyeji kwa mapenzi yake anaweza kukufungia mfuko wa karafuu kavu. Mshukuru, umrudishie. Karafuu za mkulima huuzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali, peke yake, kuzitoa kisiwani kwa njia nyengine ni magendo, na begi lako likifunguliwa bandarini atakayetajwa ni yeye. Ukizitaka za kupikia pilau, nunua pakti ya dukani yenye chapa, na risiti uiweke pamoja na tiketi.