Andikeni kwanza, ndipo mkutane

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Makundi ya kusomea yanawasaidia kweli wanafunzi wa chuo kikuu, au yanawapotezea muda?" Mimi nafundisha mwaka wa kwanza, na jibu langu ni kwamba yanasaidia mno, kwa sharti moja ambalo makundi mengi hayalitimizi: kila mmoja aje na kitu alichokiandika mwenyewe.

Kundi la kawaida tunalijua. Watu wanane wamezunguka meza, mmoja anayelimudu somo anaeleza, wengine wanatikisa kichwa kukubali. Kwenye simu nako kuna kundi jingine, limejaa mitihani ya miaka iliyopita, picha za notisi na watu wanaouliza kipindi cha kesho ni saa ngapi. Yote hayo yana kazi yake. Lakini hakuna anayejua mwenzake amekwama wapi, na hata aliyekwama mara nyingi hajijui, kwa sababu maelezo ya mtu hodari yakisikilizwa huonekana mepesi. Ukishika kalamu uyaandike kwa maneno yako, hapo ndipo unapoligundua shimo.

Katika miaka ya 1970 Uri Treisman, mwanahisabati aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walikuwa wakianguka katika kalkulasi, somo la hisabati la mwanzo wa chuo, huku wenzao wenye asili ya Kichina wakifaulu. Walimu walikuwa na majibu yao tayari: hawana ari, sekondari hawakuandaliwa vizuri, familia hazijali. Treisman akaamua kuwafuata wanafunzi wenyewe kule wanakosomea, 20 wa kila upande. Akakuta wanafunzi weusi wanasoma kwa bidii, saa zilezile walizoshauriwa na walimu, ila karibu wote wanasoma peke yao tangu mwanzo hadi mwisho. Wale wenye asili ya Kichina nao walianza peke yao, tena kwa saa nyingi. Baadaye ndipo walipokutana, wakalinganisha majibu na kusahihishana kazi. Kwa hiyo mtu alijua amesimama wapi katika darasa. Mwanafunzi anayejifungia chumbani huona kila swali gumu ni udhaifu wake, na hilo linaniuma kila muhula, maana huwa ni watu wenye uwezo kabisa.

Watu wakiisimulia habari hii hutaja kule kukutana tu. Zile saa za upweke zilizotangulia huachwa. Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alianza kufundisha kwa utaratibu unaofanana na huo mwaka 1991: anatoa swali darasani, kila mwanafunzi anajibu peke yake, kisha anajaribu kumshawishi jirani yake, halafu wote wanajibu tena. Ukiiondoa ile hatua ya kwanza, wengi watalifuata jibu la mwenye sauti kubwa.

Kwa hiyo ningependa kundi liwe la watu wanne au watano. Kabla ya kukutana, kila mmoja aandike nusu ukurasa: nimeelewa nini wiki hii, na nimekwama katika hatua ipi hasa. "Sielewi sura ya tatu" haitoshi. Mwenzake mmoja aisome na kujibu kwa maandishi, hata kama jibu ni "mimi pia nimekwama hapo." Mkifika mezani hakuna haja ya mtu kuhubiri, kazi mnaiona iko wapi.

Nasi wahadhiri tuzisome kurasa hizo, japo chache, na tuanze kipindi kinachofuata na yale yaliyowashinda wengi. Tusizipe alama za usahihi, nasihi sana. Siku tutakapofanya hivyo wanafunzi watatuandikia wanachodhani tunataka kukisikia, na wale waoga watadesa kwa wenzao.

Kuna msomaji atauliza kuhusu wale wanaokuja kuvuna bila kupanda. Ambaye hakuandika wiki hiyo asihudhurie mkutano wa wiki hiyo. Wiki ijayo akileta nusu ukurasa wake apokewe bila maneno. Kanuni hii waitunge wanakundi wenyewe siku ya kwanza, kabla hawajazoeana kiasi cha kuoneana haya.