Jibu: Wananchi washirikishwe vipi kwenye ramani ya kituo cha afya?
Waalaikumu salaam ndugu yangu. Umeuliza watu wa shehia yenu (eneo dogo kabisa la utawala Zanzibar) huko Micheweni, Pemba, wachangie vipi ramani ya kituo kipya cha afya. Pitieni kwa sheha, kiongozi wa shehia, lakini msiishie kwenye mkutano wake. Pale kina mama wengi hunyamaza, na wao ndio watakaojifungulia humo. Mwanamke mwenzao akae nao peke yao. Halafu ramani ya karatasi iwekeni kando: pigeni kamba na chokaa kiwanjani, vyumba kwa ukubwa wake halisi, watu watembee ndani. Hapo mtaambiwa choo kimeelekea kibla, mvua ya masika itapiga dirisha gani, jamaa za wagonjwa watangoja wapi. Baraza ya nje msiikose, tafadhali sana! Yote haya kabla ya zabuni; mkandarasi akishasaini, hata kuhamisha mlango ni gharama.