Usisubiri sikio la pili life ndipo ukapimwe

Mkuu, usisubiri. Umeandika kwamba sikio la kulia umeshalifuta, kifaa chake cha kusaidia kusikia huvai tena, na kipandikizi cha koklea, kile kifaa kinachowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji, utakifikiria siku la kushoto nalo likizima. Nimesoma mwili ukanisisimka, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikayafuata.

Aliyeniambia alikuwa muuzaji wa vifaa vya kusaidia kusikia. "Kipandikizi ni cha viziwi kabisa, wewe bado." Akaniuzia kifaa kingine chenye nguvu zaidi kwa sikio zuri, na lile baya akasema kulivalisha ni kutupa pesa. Kila niliporudi kulalamika kwamba maneno yanapotea, niliondoka na risiti mpya. Hakuniambia hata siku moja, "Nenda kwa wanaopandikiza, wakuangalie." Kutojua namsamehe. Kinachoniuma ni kujibu kwa uhakika swali lisilo lake, huku sikio langu likikaa kimya miaka. Watu walinisalimia upande huo nikapita, wakasema nina maringo. Nikawaacha waseme, afadhali maringo kuliko kueleza kila mara.

Sasa sikiliza kwa nini kimya hicho ni ghali. Ndani ya koklea, sehemu ya ndani ya sikio yenye umbo la konokono, kuna seli zenye vinyweleo, kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme. Zikifa hazioti tena. Kifaa cha kawaida hukuza sauti tu, na seli zikiwa zimekwisha unapata kelele kubwa isiyo na maneno. Kipandikizi kinaziruka: uzi mwembamba wenye elektrodi, yaani vincha vidogo vya kupitisha umeme, 12 hadi 22 kutegemea mtengenezaji, unaingizwa ndani ya koklea na kuichochea neva ya usikivu moja kwa moja. Ila neva haielewi chochote, anayeelewa ni ubongo. Ubongo ambao haujapokea kitu kutoka sikio fulani kwa miaka huanza kuzoea maisha bila sikio hilo. Ndiyo maana muda ambao sikio limekaa bila kusikia ni miongoni mwa mambo yanayoamua kipandikizi kitakufaa kiasi gani.

Mimi nimeliona hilo kwenye mwili wangu. Kipandikizi kilipowashwa, wiki chache baada ya upasuaji, nilisikia milio na mikwaruzo. Hilo ni la kawaida, wengi huanzia hapo. Lakini wenzangu wa mazoezi ya kusikia ambao masikio yao hayakuachwa muda mrefu walianza kushika sentensi mapema, mimi nikabaki najua tu kwamba mtu anaongea. Leo naongea kwa simu na watu ninaowafahamu sauti, na ninashukuru sana. Nilikofika kwa jasho jingi, wewe unaweza kufika kwa jasho kidogo.

Kwa hiyo kapimwe na timu ya vipandikizi sasa, wakati la kushoto bado linakubeba. Kupimwa si kupasuliwa. Na usikubali kuishia kwenye kipimo cha milio ndani ya chumba kimya. Dai upimwe kwa maneno na sentensi, kila sikio peke yake, kifaa kikiwa kimevaliwa, kisha na kelele nyuma. Hapo ndipo ukweli unapoonekana.

Na hilo la "viziwi kabisa" lilishapitwa na wakati. Uingereza, mwongozo wa 2019 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, ulishusha kigezo cha sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia bila kifaa kutoka desibeli 90 hadi 80. Marekani, Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, tangu 2022 inawakubali wanaopata hadi asilimia 60 ya sentensi wakiwa na vifaa vyao, badala ya 40 ya zamani. Asilimia 60! Huyo ni mtu anayeshika zaidi ya nusu ya unachomwambia.

Unaogopa kupoteza usikivu wa asili uliobaki. Hofu hiyo ina msingi, upasuaji unaweza kuuondoa kwenye sikio linalopandikizwa, na lazima umuulize daktari bila haya. Ila jiulize la kulia linakupa neno gani leo. Wengi huweka kipandikizi upande mbaya na kuendelea na kifaa cha kawaida upande mzuri, na ubongo hujifunza kuvitumia vyote viwili. Wakati unasubiri miadi, rudisha kifaa kwenye la kulia, hata kama unasikia mvumo tu, mradi mtaalamu hajakukataza.

Muziki uliouliza: kwangu bado ni mgumu, mdundo naupata kuliko sauti ya juu na chini. Chanjo ya kuzuia homa ya uti wa mgongo wenyewe watakuambia kabla ya upasuaji, usiiruke.

Wakisema bado hujafikia kigezo, omba matokeo kwa maandishi pamoja na tarehe ya kupimwa tena. Usikivu unaoshuka hausimami kwenye namba ya leo, na karatasi hiyo ndiyo utakayoweka mezani mara ijayo mtu akikuambia "wewe bado".