Kabla ya kuandika kifaa cha ajabu, kiharibu kwanza

Hadithi yangu ya kwanza ya kisayansi ilikuwa na bangili. Shujaa akiigusa, milango inafunguka, majeraha yanafunga, risasi zinapinda njia. Nilimsomea mama mdogo huku anachambua mchele. Akapeta kidogo, akasema bila kuinua macho: "Hilo si jini la pete, mwanangu? Umelitia betri tu."

Nilinuna siku mbili. Kinga yangu ilikuwa kauli ya Arthur C. Clarke, mwandishi Mwingereza wa hadithi za kisayansi, kwamba teknolojia ikishaendelea vya kutosha, huwezi kuitofautisha na uchawi. Kauli tamu, ila wengine (mimi wa kwanza) tumeifanya ruhusa ya kutoeleza chochote. Tunasahau kwamba mwaka 1945 ni yeye huyo aliyepiga hesabu za setilaiti za mawasiliano: zikae kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, zizunguke sambamba na dunia, zionekane zimesimama. Sauti ikipanda huko na kushuka inachelewa karibu robo sekunde. Kwangu, robo sekunde hiyo ndiyo inayonijulisha kuwa siko kwa mganga.

Ingawa hata kwa mganga kuna masharti. Ungo ule ule wa mchele, kwenye simulizi nilizokua nikizisikia, hauruki hivi hivi: abiria yu uchi, na kukimkucha njiani anadondoka kwenye paa la mtu. Chuma ulete nayo, ule uchawi wa noti inayovuta pesa za duka, lazima mwenye duka aipokee hiyo noti kwa mkono wake ndipo droo ianze kukauka. Muuza duka anazijua taratibu za chuma ulete kuliko nilivyoijua bangili yangu mwenyewe.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijaandika, najiuliza: kikiharibika, nani anakitengeneza, na kwa shilingi ngapi? Jibu si lazima liingie kwenye hadithi. Wala wahusika si lazima wakubaliane; bibi akiite jini, fundi akiite saketi, ukungu huo uache.

Bangili niliirudisha mezani. Sasa inachaji kwa joto la mwili, na fundi wake pekee yuko Kariakoo, Ijumaa mchana hafungui. Shujaa akashikwa na malaria Ijumaa hiyo hiyo. Homa ikapanda, bangili ikazidiwa, ikafungua milango yote ya mtaa, hadi ya banda la kuku.

Mama mdogo akaweka ungo chini. "Halafu? Kuku walipatikana?"