Mkahawa upi ni wa Kiarmenia hasa?

Swali: Nilipokuwa Los Angeles, mwenyeji wangu alinipeleka kwenye mikahawa miwili ya Kiarmenia, mmoja Hollywood na mwingine Glendale, lakini vyakula vyake havikufanana hata kidogo. Upi ndio wa Kiarmenia hasa?

Jibu: Yote miwili, ndugu msomaji. Waarmenia wa jiji hilo hawakutoka mahali pamoja: wapo waliotoka Beirut (Lebanon) na Aleppo (Syria), ambako wazee wao walikimbilia baada ya mauaji ya kimbari ya Waarmenia yaliyoanza mwaka 1915 katika Dola ya Osmani, wapo waliotoka Iran, na wapo waliotoka Armenia yenyewe. Mpishi wa asili ya Beirut atakuandalia lahmajun, mkate mwembamba uliopakwa nyama ya kusaga yenye nyanya na viungo, ambao hukamuliwa limau, ukakunjwa na kuliwa kwa mkono. Wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, atatanguliza khorovats, mishikaki ya vipande vikubwa, mara nyingi ya nyama ya nguruwe (asiyeila aulize mapema). Kinachowaunganisha ni lavash, mkate mwembamba kama kitambaa, ambao mwokaji huutandaza juu ya mto kama wa kulalia na kuubandika kwa mkupuo mmoja kwenye ukuta wa tonir, yaani tanuri la udongo lililochimbiwa ardhini.